Mbaraka Mwinshehe Mwaruka: Gitaa la Morogoro, Santuri za Nairobi

Katika mijadala ya fasihi ya Kiswahili, Mbaraka Mwinshehe Mwaruka aghalabu hutajwa kama mshairi. Nyimbo zake hunakiliwa mstari kwa mstari, maudhui yakachambuliwa, dhamira zikaorodheshwa, na mwisho mwandishi akawekwa katika safu ya watunzi walioikosoa jamii ya miaka ya baada ya uhuru. Uchambuzi wa namna hiyo una haki yake. Hata hivyo, watu waliocheza dansi zake ukumbini hawakumpa lakabu ya malenga wala ya manju. Walimwita Soloist National, yaani mpiga solo wa taifa. Lakabu hiyo ilitokana na vidole vyake, na kila anayetaka kuyaelewa maisha yake hana budi kuanza na gitaa. Gitaa ndilo lililompa kazi, ndilo lililomgombanisha na suala gumu la nani mwenye mali katika muziki, na ndilo lililomvusha mpaka akaingia nchi ambayo hakurudi kutoka huko akiwa hai.

Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944 huko Mzenga, wilayani Kisarawe, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Pwani nchini Tanzania. Mwaka huo huo wa 1944 ndio ilipoanzishwa bendi ya Morogoro Jazz. Kwa hiyo, kijana huyu na bendi iliyomkuza walikuwa marika, ingawa ilipita miaka 20 na ushei kabla hawajakutana. Masomo ya sekondari hakuyamaliza. Muziki ulimchukua mapema, akapita Dar es Salaam kujaribu bahati yake miongoni mwa vijana wa bendi za mjini, kisha akaelekea Morogoro. Mwaka 1965 alijiunga na Morogoro Jazz akiwa mpiga gitaa. Hakukaa sana kabla ya kuwa kiongozi wake.

Mji aliouingia una sifa zake katika historia ya dansi. Morogoro, mji ambao watani huuita mji kasoro bahari, umekaa chini ya milima ya Uluguru, umepitiwa na reli ya kati na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda bara. Mashamba ya mkonge yaliyouzunguka yaliwakusanya vibarua kutoka pande nyingi, na mshahara wa mwisho wa mwezi ulihitaji mahali pa kwenda. Pahali hapo palikuwa ukumbi wa dansi. Ndiyo maana mji huu mdogo kwa kipimo cha Dar es Salaam uliweza kulea bendi mbili ambazo ushindani wake ulisikika nchi nzima: Morogoro Jazz kwa upande mmoja, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah kwa upande wa pili. Mashabiki waligawanyika kama wagawanyikavyo mashabiki wa soka. Aliyevuka kwenda kwa wapinzani alihesabiwa kuwa amehama nyumba.

Inafaa kusimama kidogo kwenye neno hili jazz, kwa kuwa limewapotosha wengi. Msomaji aliyezoea muziki wa Wamarekani Weusi wa New Orleans au wa Chicago akifungua santuri ya Morogoro Jazz akitarajia tarumbeta za huko, atashangaa. Katika Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1930, jazz lilikuwa jina la heshima la bendi ya kisasa yenye ala za kizungu zilizochezewa dansi mijini. Dar es Salaam Jazz ilijiita hivyo, zikafuata Western Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, NUTA Jazz na nyinginezo. Muziki wenyewe ulikuwa umechanganya mambo. Santuri za Kikuba zilizouzwa katika pwani na bara zilileta rumba na jinsi ya kugawa mapigo. Wapiga magitaa wa Kongo wakaonyesha kwamba gitaa linaweza kuimba bila kusubiri mwimbaji. Na ngoma za nyumbani zikaingiza mwendo ambao miguu ya wachezaji iliujua tangu utotoni. Kila bendi ilitakiwa kutoa mchanganyiko wake na kuupa jina, na jina hilo liliitwa mtindo. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata. Bendi isiyokuwa na mtindo ilihesabiwa kuwa haina uso. Uchanganyaji wa mapigo ya bara tatu, ambao katika miji ya Ulaya na Marekani ulikuja kutangazwa kama ugunduzi mkubwa, kwa Morogoro ulikuwa kazi ya kawaida ya Jumamosi usiku.

Wakati Mbaraka anaingia Morogoro Jazz, kinara wa mji alikuwa Salum Abdallah. Huyo ndiye aliyeifanya rumba iseme Kiswahili kwa ufasaha, na santuri zake zilitengenezwa na kuuzwa na wafanyabiashara wa Mombasa. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1965 Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari. Juma Kilaza akaishika Cuban Marimba na ushindani ukaendelea, lakini kiti cha kwanza katika mji kilikuwa wazi. Mbaraka alikikalia bila kelele. Alikuwa na miaka 21.

Alipiga vipi? Katika bendi za wakati ule magitaa yaligawana kazi: la besi liliweka msingi, la ridhimu lilisuka katikati, na la solo likatembea juu. Saksafoni zilijibu. Wapigaji wengi wa solo walisubiri mwimbaji anyamaze ndipo waingie. Mbaraka alikuwa mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja, na hilo lilibadilisha uhusiano wa sauti na nyuzi. Anapofika mwisho wa mshororo, gitaa haliji kujaza nafasi tupu. Linaichukua hoja pale ulimi ulipoiacha. Mara nyingine linairudia kauli kwa kuigeuza kidogo, kama mtu anayetikisa kichwa akikumbuka aliyoyasema. Wimbo huanza taratibu, maneno yakatawala, kisha mwendo hupanda na waimbaji hupungua mpaka yanabaki magitaa na saksafoni, na wachezaji husahau kwamba kulikuwa na kisa. Sehemu hiyo ya pili, ambayo wanamuziki wa dansi huiita chemko, ndiyo iliyompa lakabu yake. Noti zake si nyingi. Ni safi, kila moja imetengwa na jirani yake, na hurudiwa kwa subira ambayo mpigaji mwenye haraka ya kuonyesha ufundi hawezi kuivumilia.

Hapa panahitajika angalizo kwa wachambuzi wa matini. Santuri ndogo za wakati ule zilibeba dakika chache tu kwa kila upande, na wimbo mrefu wa dansi ulilazimika kukatwa vipande viwili: upande wa kwanza na upande wa pili. Mara nyingi kisa na maneno vilikaa upande wa kwanza, na chemko likakaa upande wa pili. Anayenakili maneno na kuyachapa kitabuni kwa kweli anachapa upande mmoja wa santuri na kuuacha mwingine. Mbaraka alitunga akijua kwamba msikilizaji atainuka, ataigeuza santuri, kisha ataendelea. Beti zake fupi, ambazo katika ukurasa huonekana kama zimekatika kabla ya hitimisho, hukamilishwa na gitaa. Kumhukumu kwa karatasi peke yake ni kumpunguzia nusu ya kauli.

Swali la santuri linaleta swali la mahali zilipotoka, na hapa ndipo maisha yake yanapoanza kuwa na uzito mwingine. Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970 haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Ilikuwa na redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi kwa wingi katika studio zake, baada ya maneno ya nyimbo kukaguliwa, na kanda hizo zilipigwa hewani usiku na mchana. Bila redio hiyo, mtu wa Songea au wa Kigoma asingelijua jina la Mbaraka. Aidha, uamuzi wa serikali wa kuwapa wanamuziki wa nyumbani nafasi kubwa hewani ulikuwa na tija ambayo nchi jirani ziliukosa. Lakini kanda ya redio haikuwa bidhaa. Haikuuzwa dukani. Bendi ililipwa ujira wake mdogo wa kurekodi, na baada ya hapo wimbo ukapigwa hata mara 1,000 bila mtunzi kuongezewa chochote. Aliyetaka wimbo wake uwe kitu kinachoshikika mkononi, kitu ambacho mtu huweza kukinunua, kukipeleka nyumbani na kukiweka kwenye gramafoni, alilazimika kwenda Kenya.

Nairobi kulikuwa na viwanda, kampuni, mawakala na soko. Kampuni ya Kizungu iliyokuja kujulikana kama PolyGram ilikuwa na tawi huko, na huko ndiko nyimbo za Mbaraka zilikotolewa katika santuri. Kwa hiyo tangu mwanzo kazi yake iliishi katika nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ilikuwa Dar es Salaam, penye kanda, sifa na heshima ya taifa. Nyumba ya pili ilikuwa Nairobi, penye santuri na fedha. Wimbo mmoja uliweza kuwa na sura mbili kwa wasikilizaji wawili: wa Tanzania akiujua kwa redio, wa Kenya akiujua kwa santuri.

Nyumba ya kwanza ilimtumia vizuri. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilichaguliwa kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Expo 70 yaliyofanyika Osaka, Japani. Bendi ya mji wa mkoani, isiyokuwa mali ya jeshi, polisi wala chama cha wafanyakazi, ilipelekwa Asia kulisemea taifa, na safari hiyo ikazaa wimbo uliobeba jina la maonyesho yenyewe. Mwaka 1971 nchi ilipotimiza miaka 10 ya uhuru, Mbaraka alitunga wimbo wa kuuadhimisha. Siku ya Krismasi ya mwaka huo, tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, aliuawa huko Ismani na mkulima mmoja katika mgogoro uliohusiana na mashamba na siasa ya ujamaa. Mbaraka alimwombolezea kwa wimbo. Ni vyema kuutazama utunzi huu kwa macho mawili. Kwa upande mmoja ni kazi ya msanii anayeitumikia dola, na hakuna haja ya kumfichia hilo. Karibu bendi zote za wakati ule zilifanya vivyo hivyo, nyingine kwa amri na nyingine kwa imani. Kwa upande mwingine ni wimbo wa kilio, na desturi ya kumlilia marehemu kwa jina lake ina mizizi mirefu kuliko chama chochote cha siasa.

Nyimbo zilizodumu, hata hivyo, si zile za maadhimisho. Ni zile za nyumbani. Majina yake peke yake yanatosha kumpa mwanafunzi wa semantiki kazi ya muhula mzima: Masimango, Watalaka, Choyo Uchoyo, Tutengane, Pole Dada, Shida. Chukua neno masimango. Kusimanga si kutukana, wala si kulaumu. Ni kumkumbusha mtu fadhili uliyomtendea kwa namna inayomfanya atamani asingeipokea kamwe. Neno hilo lina ndani yake nyumba ya watu wengi, chungu kimoja, mgeni aliyekaa siku nyingi kuliko alivyotarajiwa, na mwenyeji anayezungumza kwa sauti ya kusikika ukumbini. Mtunzi anayechagua neno la namna hiyo kuwa jina la wimbo hahitaji tena kueleza mandhari. Vivyo hivyo Jogoo la Shamba, ambao jina lake limechotwa moja kwa moja kutoka methali ya jogoo wa shamba kutowika mjini. Kila msikilizaji aliyekuwa ametoka kijijini kutafuta kazi alijua anatajwa nani. Ndiko walikotoka wapiga magitaa wenyewe.

Kiswahili hiki cha majina mafupi, kisicho na maneno ya kutafutiwa katika kamusi, ndicho kilichomfungulia Kenya. Msikilizaji wa Kisumu aliyelelewa kwa Kijaluo, wa Nyeri aliyelelewa kwa Kikuyu, au wa Garissa aliyelelewa kwa Kisomali, hakuhitaji kuwa mwana wa pwani ili apate maana ya shida. Kiswahili cha Mbaraka hakikumnyanyasa mtu kwa lahaja. Wanaoshughulikia kuenea kwa lugha hii nchini Kenya wamezoea kuhesabu shule, majeshi, reli na masoko. Wangefanya vyema kuhesabu pia santuri.

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz na kuunda bendi yake, Super Volcano, ambayo mtindo wake uliitwa Masika. Kuondoka kwa mwanamuziki kutoka bendi moja kwenda nyingine lilikuwa jambo la kila siku katika dansi la Tanzania, lakini kuondoka kwa kiongozi ili awe mwenye bendi lilikuwa jambo zito zaidi. Kanuni isiyoandikwa ya muziki wa dansi ilikuwa kwamba mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Magitaa ya umeme, vikuza sauti, ngoma na saksafoni vilikuwa mali ya klabu, ya shirika, au ya tajiri aliyevinunua. Mpigaji alikuja na vidole vyake na akaondoka navyo. Angeweza kuwa mtunzi wa nyimbo zote zinazowajaza watu ukumbini, lakini akigombana na mwenye vyombo, kesho yake hana cha kupiga. Vyombo vyenyewe viliagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilizidi kuadimika kadiri muongo ulivyosonga, baada ya bei ya mafuta kupanda na ukame kuathiri mavuno. Mashirika ya umma na majeshi yalikuwa na njia ya kuvipata. Mtu binafsi alikuwa na njia nyembamba. Kwa mpiga gitaa kuamua, katika nchi iliyokuwa imeshatangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, kusimamisha bendi kwa jina na jasho lake, ni ujasiri ambao wasifu nyingi huupita kwa sentensi moja.

Ujasiri huo ulikuwa na gharama, na gharama ilimsogeza zaidi upande wa Nairobi. Bendi yenye mfadhili huishi kwa mshahara. Bendi isiyo na mfadhili huishi kwa viingilio vya mlangoni na mauzo ya santuri. Hakuwa peke yake aliyetazama kaskazini. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walikuwa wamekwisha kuhamia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na bendi yao ya Simba Wanyika ikawa sehemu ya maisha ya Nairobi kwa miaka mingi. Wao walihama wakajenga huko. Mbaraka alibaki mtu wa Morogoro, akawa anakwenda na kurudi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Aliyehama alilazimika kuchagua mara moja. Asiyehama alilazimika kuchagua kila safari.

Na safari zilikuwa zikizidi kuwa ngumu. Mnamo Februari 1977, ugomvi wa miaka mingi baina ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulifikia ukingoni, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Katikati ya mwaka huo Jumuiya yenyewe ilikufa. Historia ya kuvunjika kwake huandikwa kwa habari za ndege, reli, bandari na mabehewa yaliyogawanywa. Habari za wanamuziki hazimo. Lakini kwa mtu ambaye studio yake ya sifa ilikuwa upande mmoja na kiwanda cha santuri zake kilikuwa upande wa pili, mpaka huo ulipita katikati ya kazi yake. Haukuikata kabisa, miaka hiyo hiyo ndiyo Super Volcano walipozidi kujulikana Kenya, na wimbo wa Shida ukawa miongoni mwa santuri za Kiswahili zilizouzwa sana nchini humo. Hata sasa, ukilitaja jina la Mbaraka katika mji wowote wa Kenya kwa mtu wa umri wa makamo au zaidi, wimbo utakaotajwa kwanza aghalabu ni huo.

Nyumbani, mwishoni mwa mwaka 1978, mambo yalikuwa mengine. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia Kagera mwezi Oktoba, na Tanzania ilikuwa vitani. Redio ilikuwa na kazi ya kuhamasisha, vijana walikuwa wakipelekwa mstari wa mbele, na mafuta, magari na chakula vilielekezwa huko. Mwaka ulipogeuka, Mbaraka alikuwa Kenya, mjini Mombasa. Huko alipata ajali ya gari, na tarehe 13 Januari 1979 akafariki hospitalini. Alikuwa na umri wa miaka 34. Miaka 13 na miezi michache ilikuwa imepita tangu Salum Abdallah afe kwa namna hiyo hiyo, na Morogoro ikawa imepoteza vinara wake wawili barabarani.

Kifo hicho kiliwafikia Watanzania katika mwezi ambao nchi ilikuwa ikihesabu vifo vingine, na kilimpata msanii wa taifa ng'ambo ya mpaka uliofungwa na taifa lake mwenyewe. Haikuwa khiyana, wala haikuwa uhamisho. Ilikuwa kazi. Mtu alikwenda mahali ambapo kazi yake ililipwa. Ni ajabu kwamba katika maandishi mengi ya kumkumbuka, Mombasa hutajwa kama bahati mbaya tu ya ramani, kana kwamba angeweza kuwa pahali pengine popote.

Super Volcano haikudumu muda mrefu bila yeye. Bendi iliyojengwa juu ya vidole na sauti ya mtu mmoja ilikuwa na udhaifu huo tangu siku ya kwanza, na hilo ndilo lililokuwa jibu kali la mfumo wa vyombo vya mashirika: NUTA Jazz ilibadilisha majina na viongozi ikaendelea kupiga, kwa sababu vyombo havikufa na mtu. Mwenye bendi binafsi alikufa na bendi yake.

Rekodi hazikufa. Katika miaka ya 1980 tawi la PolyGram la Nairobi lilizikusanya nyimbo zake na kuzitoa upya katika mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho, juzuu baada ya juzuu. Mpaka ulifunguliwa tena mnamo Novemba 1983, na nyimbo hizo zikawa zinarudi nyumbani kwa njia za kawaida za biashara na kwa njia zisizo za kawaida pia: kanda za kaseti zilizonakiliwa vibandani, kanda za kanda, sauti ikififia kwa kila nakala. Kanda za asili za Radio Tanzania zilibaki katika maktaba ya redio hiyo, ambayo leo ni ya Shirika la Utangazaji Tanzania. Mwaka 2000 kampuni ndogo ya Ujerumani, Dizim, ilitoa diski ya nyimbo za Morogoro Jazz na kuipa jina la Masimango. Vijitabu vya diski za namna hiyo humweleza Mbaraka kwa Kiingereza, kwa wasikilizaji wa Ulaya, vizuri kuliko alivyoelezwa katika vitabu vingi vya Kiswahili.

Kuhusu malipo, sheria zilikuja baada ya mwenyewe kuondoka. Chama cha Hakimiliki ya Muziki cha Kenya kiliundwa mwaka 1983. Tanzania ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1966, lakini chama cha kuzikusanya haki za watunzi, COSOTA, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999. Hiyo ni miaka 20 baada ya ajali ya Mombasa, na miaka 26 baada ya mpiga gitaa wa Morogoro kuamua kwamba vyombo, nyimbo na jina la bendi viwe vya mtu mmoja.